Mchanga wa Pylos: Utangulizi wa Elimu ya Ufuko Mmoja

Kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Ugiriki, katika mkoa wa Messinia, upo ufuko mdogo uitwao Voidokilia. Mchanga wake umejipinda hadi kukaribia kuwa duara kamili, na mbele yake rasi mbili za mawe ya chokaa zinaelekeana, zikiacha mlango mwembamba tu wa bahari. Nyuma ya mchanga yako matuta yaliyoota nyasi na vichaka. Nyuma ya matuta kuna ziwa la chumvi la Gialova, ambalo wenyeji huliita pia Divari. Upande wa kusini, ng'ambo ya kilima chenye ngome, inatanda ghuba kubwa ya Navarino iliyokingwa na kisiwa kirefu cha Sphacteria. Mwenye miguu mizima huweza kulizunguka ziwa na ufuko kwa asubuhi moja. Kuvielewa ni kazi ya maisha, na kurasa hizi zimeandikwa ili kumshawishi msomaji aianze kazi hiyo.

Elimu ninayomkaribisha inakaa katikati ya jiolojia, ikolojia, akiolojia na historia, na watu wake hutoka pande zote hizo. Desturi ya vyuo na ofisi nyingi ni kugawa: ndege na mimea hupelekwa idara ya mazingira, makaburi na ngome idara ya mambo ya kale, kila upande na wataalamu wake na bajeti yake. Kwa Voidokilia mgawanyo huo unapoteza nusu ya habari. Mchanga ulioamua mahali pa kuota mimea ndio ulioamua mahali pa kutia nanga. Moto ulioteketeza msitu ndio ulioamua vita. Na yupo kiumbe mmoja katika vichaka vya hapa ambaye hakuna awezaye kusema kama ni mali ya maumbile au ni urithi wa binadamu. Nitamfikia baadaye.

Anayetoka pwani yetu ya Afrika Mashariki anapaswa kwanza kuzoea jambo moja. Mtu aliyekulia Tanga, Lamu au Unguja anaijua bahari kwa kujaa na kupwa kwake. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maisha yote ya ufukweni hupangwa kwa saa hizo: wanaokwenda kuchokoa pweza, wanaolima mwani, wanaosubiri chombo kielee. Mediterania haina mwendo huo. Huko Messinia tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita, na mgeni aweza kukaa ufukweni siku nzima asione bahari imesogea. Kazi inayofanywa na maji ya bamvua kwetu, huko hufanywa na mawimbi ya majira ya baridi, upepo, na mito inayoshusha udongo kutoka milimani. Hapana mkondo wa kila siku wa kusafisha midomo ya mito na njia za maji. Kwa hiyo mchanga ukishajikusanya mahali hubaki, hujenga tuta, na tuta huweza kuifungia sehemu ya bahari hadi ikawa ziwa. Msomaji akikumbuka jambo hili moja, mengi yanayofuata yatajieleza yenyewe.

Mwaka 1980 watafiti watatu wa Marekani, John Kraft, George Rapp na Stanley Aschenbrenner, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa kutoboa ardhi kuzunguka ghuba ya Navarino na kutoa sampuli ndefu za udongo. Katika sampuli hizo walisoma tabaka baada ya tabaka: matope ya bahari iliyo wazi, kisha matope ya maji yaliyotulia, kisha mchanga wa ufuko. Picha iliyopatikana ni kwamba bahari iliwahi kuingia ndani zaidi, mahali ambapo leo ni ziwa na mashamba, na kwamba kingo za mchanga zilizolitenga ziwa na ghuba zilijijenga polepole katika maelfu ya miaka ambayo watu walikuwa tayari wanaishi vilimani. Nasisitiza hilo la mwisho. Binadamu hakuukuta ufuko huu ukiwa umekamilika. Walikua pamoja.

Watu wa kale wenyewe waliuona mchanga huu na kuujadili. Katika kitabu cha tatu cha Odisea ya Homer, kijana Telemachus anafika Pylos, kama nchi hii ilivyoitwa zamani, kumtafuta babake na kuwakuta watu wa mfalme Nestor ufukweni wakimtolea Poseidon, mungu wa bahari, mafahali weusi. Wamekaa makundi tisa, kila kundi watu mia tano na mafahali tisa, yaani watu 4,500 na mafahali 81 mchangani. Homer huitaja Pylos mara nyingi kuwa nchi ya mchanga. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 2 baada ya Kristo, msafiri Pausanias alifika huko, akaonyeshwa pango ambalo wenyeji walisema ndilo zizi la ng'ombe wa Nestor, na akashtushwa na jambo ambalo mfugaji yeyote angelishangaa: ardhi ya mchanga mtupu iliwalishaje ng'ombe wote hao? Jibu lake ni kwamba mifugo hiyo lazima ilichungwa kwa sehemu kubwa nje ya mipaka. Huyu alisimama mbele ya urithi akauliza swali la malisho, na mimi humhesabu miongoni mwa waanzilishi wa elimu yetu.

Pango lenyewe lingalipo. Liko juu ya ufuko upande wa kusini, chini ya ngome, na wachimbaji wamekuta ndani yake vigae vya vyungu kuanzia Enzi ya Mawe hadi Enzi ya Shaba. Wagiriki waliongeza hadithi nyingine juu yake, ya mungu Hermes aliyeiba ng'ombe wa Apollo na kuwaficha pangoni. Kuna sababu ya hadithi mbili za ng'ombe kulielekea pango moja: wachungaji wa Mediterania wamekuwa wakiingiza mifugo mapangoni tangu kilimo kilipoanza, na hadithi hufuata njia za mifugo.

Ng'ambo ya maji, juu ya rasi ya kaskazini, kuna kaburi la mviringo lililojengwa kwa mawe, ambalo wengi huliita kaburi la Thrasymedes, mwana wa Nestor, kwa kufuata maneno ya Pausanias. Spyridon Marinatos alilichimba katika miaka ya 1950, kabla hajapata umaarufu wa uchimbaji wake wa Akrotiri kisiwani Thera, na Georgios Korres akaiendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Walichokikuta ni mrundikano wa enzi, moja juu ya nyingine. Chini kabisa ni makazi ya mwanzo wa Enzi ya Shaba. Juu ya magofu ya makazi hayo watu wa baadaye walilundika kilima cha kuzikia wafu wao. Kisha, katika karne ya 16 au ya 15 KK, kaburi la mawe likajengwa ndani ya kilima kile kile. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, watu ambao hawakujua tena nani kazikwa hapo walikuja kumheshimu kama shujaa wa kale na kuacha vibao vya udongo vya nadhiri.

Kwa nini mahali hapo tu? Panda mwenyewe utaona. Chombo chochote kinachoingia kwenye mlango mwembamba wa Voidokilia kinapita chini ya kaburi, na aliye kaburini, au jamaa zake waliokuwa hai, alionekana na kila mgeni kabla mgeni hajakanyaga mchanga. Umbo la ufuko ndilo lililochagua mahali pa kaburi. Ramani ya akiolojia isiyochora pwani ya zamani, kabla mchanga haujafunga, haiwezi kulieleza kaburi hili.

Jumba la mfalme wa Pylos liko kilomita kadhaa upande wa kaskazini, juu ya kilima cha Ano Englianos. Carl Blegen wa Marekani, akishirikiana na Konstantinos Kourouniotis wa Ugiriki, alianza kulichimba mwaka 1939 na siku ya kwanza kabisa akakuta vibao vya udongo vyenye maandishi. Vita vya Pili vya Dunia vikaisimamisha kazi, na maandishi hayakusomeka mpaka mwaka 1952, Michael Ventris, msanifu majengo Mwingereza, alipogundua kwamba ni Kigiriki cha kale. Jumba liliteketea yapata mwaka 1200 KK au muda mfupi baadaye, na moto uliolibomoa ndio ulioviokoa vibao, kwa kuwa uliuchoma udongo mbichi ukawa mgumu. Miongoni mwavyo kuna seti inayoorodhesha walinzi wa pwani, waliogawanywa vikosi kumi, kila kikosi na eneo lake na mkuu wake. Zipo pia orodha za wapiga makasia. Karani wa jumba hakuandika habari ya uzuri wa bahari. Aliandika nani yuko wapi, na kutokana na orodha zake tunajua kwamba ufuko ulikuwa mpaka wa dola na ulilindwa.

Lakini meli za dola hiyo zilitia nanga wapi? Katika miaka ya 1990 mradi wa utafiti ulioongozwa na Jack Davis uliikagua nchi nzima inayozunguka jumba, na mwanajiolojia wake, Eberhard Zangger, akaleta hoja inayonivutia kuliko nyingi katika fani hii. Alitambua karibu na kijiji cha Romanou, kaskazini kidogo ya Voidokilia, dalili za bwawa la bandari lililochimbwa na binadamu, na akaonyesha kwamba mto Selas ulikuwa umechepushwa ili sehemu ya maji yake safi ipite bandarini bila kuingiza matope. Hapa ndipo bahari isiyopwa inaporudi katika hoja. Bandari iliyochimbwa kwenye pwani ya mchanga, bila mkondo wa maji kujaa na kupwa wa kuifagia, ingejaa mchanga baada ya muda mfupi. Kama Zangger yuko sahihi, na mimi naona hoja yake ni imara, wahandisi wa Enzi ya Shaba waliielewa bahari yao hata wakautumia mto kufanya kazi ambayo bahari haikuifanya.

Ziwa la Gialova nalo limetunza kumbukumbu. Chavua inayoanguka majini huzama, hufunikwa na matope, na hubaki maelfu ya miaka bila kuoza. Watafiti waliochukua sampuli za matope hayo wameweza kuhesabu chavua za kila tabaka na kuona misitu ikipungua na mizeituni ikichukua nafasi kadiri kilimo kilivyopanuka. Mandhari ya mizeituni ambayo mgeni wa leo huiona na kuidhani ni asili ya nchi, kwa sehemu kubwa imepandwa kwa mikono.

Kuhusu moto niliotaja mwanzoni, kisa chake kimeandikwa na Thucydides. Mwaka 425 KK jemadari Demosthenes wa Athens alijenga ngome juu ya rasi ya kusini ya Voidokilia, na Wasparta wakaweka askari 420 kisiwani Sphacteria. Waathens walikizingira kisiwa bila kuthubutu kushuka, kwa sababu kilikuwa na msitu na hawakuweza kuhesabu adui waliomo. Kisha askari mmoja, akipika chakula, aliwasha moto kwa bahati mbaya, upepo ukauchukua, na msitu karibu wote ukateketea. Demosthenes akaona kila kitu wazi, akashambulia, na Wasparta 292 wakakamatwa hai, jambo lililoishangaza Ugiriki yote. Mwanahistoria wa vita hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa mbinu. Mwanafunzi wa elimu hii atauliza ulikuwa msitu wa miti gani, ulikuwa mkavu kiasi gani, na ulichukua miaka mingapi kuota tena.

Ngome inayoonekana leo juu ya rasi hiyo ni ya Wafaranki, wa mwishoni mwa karne ya 13. Waosmani walipojenga ngome mpya kwenye mlango wa kusini wa ghuba mwaka 1573, ile ya zamani ikabaki kulinda mlango ambao mchanga ulikuwa umeupunguzia kina. Tarehe 20 Oktoba 1827 meli za Uingereza, Ufaransa na Urusi zilizizamisha meli za Waosmani na Misri ndani ya ghuba hiyo ya Navarino. Vita hivyo vimeelezwa vya kutosha mahali pengine. Kwetu muhimu zaidi ni kilichofuata: mwaka 1829 Ufaransa iliteremsha Navarino tume ya wanazuoni, wengine wakichunguza mimea, wanyama na miamba chini ya Bory de Saint-Vincent, wengine mambo ya kale chini ya Léon Dubois, wengine majengo chini ya Abel Blouet. Walikuja pamoja na jeshi, na hilo lisisahaulike. Hata hivyo walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitazama pwani hii kwa fani nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 1972 William McDonald na George Rapp wa Marekani walichapisha kitabu cha msafara wa Chuo Kikuu cha Minnesota katika Messinia, na hapo mashirikiano hayo yakapata utaratibu: mtaalamu wa chavua, wa udongo, wa kilimo na wa akiolojia katika jalada moja. Anayetaka kuanza na kitabu kimoja aanze na hicho.

Sasa yule kiumbe. Ni kinyonga. Spishi yake, *Chamaeleo africanus*, inaenea Afrika chini ya Sahara, kutoka magharibi hadi Sudan, na pia Misri. Katika Ulaya nzima anapatikana hapa tu, kwenye vichaka na matuta yanayolizunguka ziwa la Gialova. Wanasayansi walimtambua katika miaka ya 1990, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1999 uliunga mkono hoja kwamba asili yake ni ng'ambo ya bahari. Hakuogelea. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba aliletwa na watu zamani, kwa meli, kutoka Misri. Nani alimchukua na kwa nini, hilo halijaandikwa kwenye kibao chochote. Kwetu wengi humwogopa kinyonga na hawamruhusu kukaribia nyumba, na mimi huwaza juu ya baharia aliyekubali kusafiri naye.

Jike hushuka kutoka vichakani mwishoni mwa kiangazi, huchimba shimo mchangani na kutaga. Mayai hukaa humo kwa miezi mingi, majira ya baridi yote, kabla watoto hawajatoka. Gari likipita juu ya tuta, au mtu akisimika hema mahali hapo, kizazi kizima hupotea bila aliyefanya hivyo kujua. Wapo wanaouliza kwa nini mnyama aliyeletwa na watu alindwe. Jibu langu ni kwamba amekaa hapa muda mrefu, hajulikani kumdhuru mwenyeji yeyote, na yeye mwenyewe ni ushahidi wa safari kati ya Afrika na Ugiriki kama kilivyo kigae chochote kilichoko jumba la makumbusho. Idara ipi imhudumie? Zote mbili, na zikae meza moja.

Si yeye pekee anayeiunganisha pwani hii na bara letu. Gialova ni ardhi oevu kubwa iliyo kusini kabisa mwa Balkani, na ndege wanaotoka Afrika kila masika, baada ya kuvuka jangwa na bahari, huiona mapema katika safari yao. Spishi zipatazo 270 zimeandikishwa hapo: korongo, heroe, bata, mbayuwayu. Keremkerem wa Ulaya, ambaye wasomaji wa Kenya na Tanzania humwona akipita makundi makundi, hupita na huku pia.

Mimea ya matuta haina sifa hiyo ya kusafiri, lakini bila yake hakuna tuta. Nyasi za mizizi mirefu hushika mchanga unaopeperushwa, na kila zinapofunikwa huota juu zaidi, na tuta hukua nazo. Kati yake huchanua yungiyungi la mchangani, *Pancratium maritimum*, maua meupe yenye harufu nzuri yanayofunguka mwishoni mwa kiangazi, wakati kila kitu kingine kimekauka. Na chini ya maji ya Mediterania kuna nyasi bahari aina ya *Posidonia oceanica*, zisizopatikana bahari nyingine yoyote duniani. Majani yake makavu hutupwa ufukweni kwa marundo. Wageni huyaona uchafu, na kuna fukwe zinazoyazoa kwa mashine kila mwaka. Ni kosa kubwa: marundo hayo huvunja nguvu ya mawimbi ya baridi, na ukiyaondoa unaondoa na mchanga.

Binadamu wa karne ya 20 hakuwa mpole kwa mahali hapa. Katika miaka ya 1950 na 1960 zilifanyika jitihada za kulikausha ziwa ili kupata mashamba. Mifereji ilichimbwa, vijito vya maji baridi vikaelekezwa kwingine, na ziwa lililobaki likazidi chumvi, likapungukiwa hewa majini nyakati za joto. Baadaye eneo likaingizwa katika mtandao wa hifadhi wa Umoja wa Ulaya uitwao Natura 2000, na kuanzia mwaka 1997, kwa fedha za Umoja huo, ulitekelezwa mradi wa kulisimamia ambamo Jumuiya ya Ornitholojia ya Ugiriki ilikuwa mstari wa mbele. Ufukweni Voidokilia hakuna safu za miavuli wala vibanda vya vinywaji. Kilomita chache kaskazini, tangu mwaka 2010, ziko hoteli kubwa na viwanja vya gofu, na swali la maji ya nchi hii, nani ayatumie na kiasi gani yalifikie ziwa, ndilo litakaloamua hatima ya Gialova kuliko sheria yoyote ya kulinda ndege.

Kwa mwanafunzi anayeanza nina ushauri wa vitendo. Asiende Agosti, wakati wa umati. Aende Oktoba au Aprili. Aanze kwenye kaburi la rasi ya kaskazini, ambako ufuko, ziwa, ghuba na kisiwa vinaonekana pamoja, ashuke kwa miguu mchangani, apande pangoni, kisha ngomeni. Na kabla hajafungua daftari lake la akiolojia, awatafute wavuvi wa Divari. Ziwa huwasiliana na ghuba kwa mfereji mwembamba, na kwa uvuvi wa namna hii, ulioenea Mediterania, samaki wadogo huingia ziwani kula na kukua, kisha wakubwa hutaka kurudi baharini kutaga, ndipo hunaswa kwenye uzio uliojengwa mdomoni. Mkizi na mikunga huvuliwa hivyo. Uvuvi huo hautegemei saa za maji, unategemea majira, na hauwezekani mfereji ukizibwa na mchanga. Kwa hiyo anayeishi kwa samaki hao ana sababu ya kuufukua mfereji, na maji yanayopita hapo ndiyo yanayowaweka hai ndege waliokuja kutoka kwetu.